Winga wetu alipochanika goti Dubai, na siku timu nzima ilipogoma kumchezesha

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Ila juzi kwenye uzi mmoja wa michezo nimekuta watu wanamsifu mchezaji aliyecheza akiwa na jeraha, eti huyo ndiye mwanaume. Nikashindwa kunyamaza.

Haya yalinitokea mwenyewe. Nitayasema yalivyo, hata yale yanayonishushia heshima.

Katikati ya miaka ya 2010 nilikuwa Dubai nasoma logistics, chuo kimoja kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga. Chuoni tulikuwa wengi wa Afrika Mashariki, na timu ya mpira tuliijaza sisi: Wakenya, Waganda, Wabongo, na Wazanzibari waliozaliwa huko huko Dubai, mtaa wa Deira.

Mimi nilikuwa kapteni. Sio kwamba nilikuwa bora. Nilikuwa naweza kuamka Ijumaa asubuhi na kuwapigia wenzangu simu mpaka wote wafike uwanjani Al Quoz, katikati ya maghala.

Aliyekuwa bora ni Waswa. Mganda, anasoma hoteli, winga wa kulia. Mrefu, mkimya, ila mpira ukimfika mguuni beki anaanza kurudi nyuma mwenyewe.

Mbinu yetu ilikuwa moja tu: mpe Waswa. Karibu mabao yote ya msimu ule yalikuwa yake.

Robo fainali ya mashindano ya vyuo tulishinda. Dakika za mwisho Waswa akageuka na mpira, hakuguswa na mtu, akaanguka. Mimi nilikuwa karibu, ule mlio wa goti niliusikia.

Hospitali wakampiga picha. Ligamenti imechanika. Daktari akamwambia operesheni, na asiguse mpira mpaka atakaporuhusiwa.

Wakuu, timu ilikufa siku hiyo hiyo.

Ijumaa iliyofuata tulifika saba. Tukakaa chini pale uwanjani tukiangalia mabasi ya makampuni yanapita. Mimi kapteni ndiye niliyesema maneno ya ajabu kuliko wote. Nikasema tuandike barua tujitoe, tusiende nusu fainali kuaibika.

Aliyenijibu ni Nassor, kipa wetu, Mzanzibari wa mtaa wa Al Baraha kule kule Deira. Mtu mpole sana.

"Kwani siku zote hizi golini alikuwa anakaa Waswa? Mie nilikuwa nafanya nini pale? Barua andika, lakini jina langu usilitie."

Otieno, beki Mkenya, akaongeza, "Captain, mimi siendi home bila kucheza. Wakitupiga, watupige tukiwa uwanjani."

Niliona aibu. Tukasimama tukaanza mazoezi, saba hao hao.

Tulikuwa na wiki tatu. Tuligundua hatujui kucheza, tulijua kumpasia mtu mmoja. Ikabidi tujifunze upya: pasi fupi fupi, kona, kurudi kukaba wote. Wiki ya pili wengine wakarudi. Wiki ya tatu tukawa tunagombana mazoezini, na mimi nikafurahi, maana hakuna anayegombania kitu kilichokufa.

Siku ya nusu fainali, alasiri, tuko chumba cha kubadilishia nguo. Mlango ukafunguliwa. Akaingia ofisa wa michezo wa chuo, sisi tulimwita Sir, na nyuma yake Waswa amevaa jezi. Goti limefungwa bandeji nzito.

Sir akaniambia kwa Kiingereza kwamba Waswa amemeza dawa za maumivu, yuko tayari, ataingia dakika ishirini za mwisho. Niongeze jina lake kwenye fomu ya wachezaji.

Nikamuuliza kama daktari amemruhusu. Akasema anayeruhusu hapa ni yeye.

Nikamgeukia Waswa. "Kaka, tembea mpaka ukutani urudi."

Akatembea. Wote tuliona anavyouburuta ule mguu.

"Goti ni yangu, captain," akasema. "Mimi nimesema nacheza. Nyinyi mnaogopa nini?"

Hapo nilibabaika. Kweli ni mtu mzima, na goti ni lake.

Nassor akavua glavu akaziweka kwenye benchi. "Akiingia yeye, mie natoka. Sitaki kushuhudia mtu anajivunja."

Otieno akakaa chini. Akafuata mwingine, na mwingine. Kumi na mmoja wote wamekaa, refa anagonga mlango.

Sir akasema timu itavunjwa na mimi ukapteni nitausahau.

Ile fomu inasainiwa na kapteni. Nikaisaini bila jina la Waswa, nikampa refa mkononi. Nikawaambia wenzangu, "Yalla, twendeni."

Waswa alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona tena.

Tulifungwa bao moja kipindi cha kwanza. Wapinzani walijua tumebaki bila winga wetu, walicheza kwa dharau. Kipindi cha pili tukawabana mpaka wakaanza kupoteza muda. Otieno akasawazisha kwa kichwa, mpira wa kona.

Tukaenda penalti. Nassor alidaka moja. Waliokosa kwetu ni wawili, na wa mwisho ni mimi. Nilipiga juu.

Tukatolewa.

Sir akanifuata nikiwa bado nimesimama pale pale. "Are you happy now?"

Nikamwambia, "Yes, sir." Na nilikuwa nalia, wakuu, sitawadanganya, ila lile jibu lilitoka moyoni.

Ukapteni nilivuliwa kweli, akapewa Nassor. Timu haikuvunjwa, maana Sir alipotaka kuivunja hakukuta wa kumuunga mkono.

Waswa hakunisemesha muhula mzima. Alifanyiwa operesheni, akapona polepole, msimu uliofuata akarudi. Hakuwa na kasi ile ya zamani, na sasa tulikuwa tunampa mpira zamu yake ikifika tu. Hajawahi kuniambia asante, na sijawahi kuidai. Siku moja tu, baada ya mazoezi, alikaa pembeni yangu akaniambia, "Captain, ile siku ningewapiga nyote." Kisha akanikabidhi chupa yake ya maji.

Nilichojifunza: timu inayomhitaji mtu mmoja mpaka iko tayari kumlemaza, hiyo haijawa timu bado.

Najua wapo watakaosema nilimnyima mwenzangu haki ya kuamua juu ya mwili wake. Sawa, leteni hoja, nipo nasoma. Ila msinitegemee nijute. Tulipoteza mechi. Waswa leo yuko Kampala, anapanda ngazi za nyumba kwa miguu yake mwenyewe.