Chumba cha Mama Mkwe

Juzi nililala Milimani, nyumbani kwa mkwe wangu. Binti yangu alinionyesha chumba chenye kitanda kipana, kisha mumewe akaja mwenyewe kuniuliza kama blanketi zinatosha. Nikamjibu zinatosha, baba, asante. Alipofunga mlango nilicheka peke yangu hadi mbavu zikauma, maana kama nyanya yangu angeniona nikipokea blanketi mkononi mwa mkwe, chini ya paa lake, angefufuka anifukuze kwa fimbo. Hebu keti nikusimulie.

Miaka ya hamsini tulikaa Bondeni, hapa hapa Nakuru, kwa kuwa Baba alikuwa karani wa reli. Nyumba yetu ilikuwa kuukuu kuliko zote mtaani: ya mbao tupu, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, na veranda yake ilizungushiwa ubao uliochongwa matundu matundu kama kitambaa cha kufuma. Ilijengwa na seremala aliyekuja pamoja na reli yenyewe. Binti yake, aliyezaliwa humo ndani, sasa alikuwa mjane akiishi ng'ambo ya ua wetu, nasi watoto tulimwita Mama Jirani. Mwenye nyumba alikuwa kaka yake aliyehamia Nairobi, lakini mwenye macho alikuwa yeye. Ukipigilia msumari wa kutundika kalenda, atauliza.

Kiangazi, upepo wa ziwani ulituletea vumbi jeupe lenye ladha ya chumvi, na kazi yangu ilikuwa kulifagia kwenye veranda kabla ya kwenda shule. Nikirudi na debe la maji kutoka bombani, nilikuta Mama Jirani akikaanga mandazi ya iliki. Alinipitishia moja juu ya ua, la moto, nikalirusha mkono huu na mkono huu huku nikiruka. Nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito na miguu ilimvimba. Ikaamuliwa nyanya yangu, mama yake mzazi, aje kutoka Butere akae naye mpaka ajifungue. Mimi sikuwa nimewahi kumwona. Wenzangu wote walikuwa na nyanya wa kujivunia, mimi nilikuwa na habari zake tu, na nilimngoja kwa hamu hadi chakula hakishuki. Tatizo ni kwamba kwetu, Waluhya, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Basi Baba akaamua kumjengea chumba ubavuni mwa nyumba, bila kumwuliza mwenye nyumba wala kutafuta kibali cha manispaa. Jumamosi akashika msumeno, akakata kipande cha ule ubao wa matundu ili mabati mapya yapate kuingia chini ya yale ya zamani.

Mama Jirani alitoka na leso kifuani, mikono imejaa unga.

"Mwanangu, nani amekuruhusu kukata kazi ya marehemu baba yangu?"

"Ni kachumba tu, mama. Mama mkwe anakuja."

"Si alale ndani? Vyumba mnavyo."

Baba, mtu wa kuwajibu Wazungu ofisini bila kutetemeka, aliona haya kueleza. Akaendelea kupigilia misumari.

"Sawa. Jumatatu nitamleta bwana afya akibomoe ukiona."

Bwana afya alikuwa mkaguzi wa manispaa, na kutajwa kwake tu kulitosha watu kuficha kuku. Mama alikaa kwenye ngazi akashika tama. Mimi nililia waziwazi, kwa sababu chumba kikibomolewa Nyanya hatakuwa na pa kulala, na akikosa pa kulala atarudi kwake.

Jumapili akashuka kwenye treni na kapu la ndizi, njugu na jogoo mmoja mwenye hasira. Alinukia moshi na samli. Nilishika gauni lake nisiliachie. Tulipofika nyumbani Baba alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, na Nyanya hakuingia ndani. Alikizunguka chumba kipya kwa nje, akainua uso akayatazama mabati kwa muda, kisha akaniinamia.

"Ambia baba yako paa ni moja."

Baba alikuwa karibu tu, ametupa mgongo. "Mwambie nyanya kuna ukuta katikati."

"Ambia yeye mvua haiulizi ukuta. Itatupigia sisi wote kwa bati moja."

Nikawa napeleka maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Maisha ya mjini yalikuwa yamemfanya Baba adhani mwiko ni wa ukuta, kumbe ni wa paa. Nyanya akainua kapu lake. Kuna treni ya jioni, akasema, ataipanda. Mama akaanza kulia.

Hapo Mama Jirani, aliyekuwa akisikiliza juu ya ua bila hata kujificha, akaingia uani kwetu. "Mama, hata mimi nilimwambia jana! Asishikanishe paa lake na hili!"

Nyanya akaweka kapu chini. Wakasimama bega kwa bega wakitazama juu, mmoja akionyesha ubao uliokatwa, mwingine akionyesha mwiko uliovunjwa, na wote wawili wakimlaumu mtu wa nyuma ya tangi. Mama Jirani alipoelezwa habari ya paa alicheka mpaka leso ikamdondoka.

"Na si ungesema, mwanangu! Treni ya nini? Huyu mgeni analala kwangu. Kwangu hana mkwe."

Baba aliyabandua mabati jioni hiyo hiyo. Kipande cha ubao kikarudishwa mahali pake, na chumba kikajengwa upya kando, kikiwa na paa lake chenyewe. Mama Jirani ndiye aliyeenda na Baba manispaa kukiombea kibali. Lakini Nyanya hakulala humo hata mara moja. Alibaki ng'ambo ya ua mpaka ndugu yangu akazaliwa na kuota meno. Wazee hao walimenya njugu pamoja, huyu akijifunza mandazi ya iliki, yule ugali wa wimbi, kila mmoja akilalamikia upishi wa mwenzake huku akiongeza sahani. Mimi nilikula pande zote mbili nikanenepa. Chumba walipewa kuku. Sijapata furaha kama ile tena, nakuambia ukweli.

Basi asubuhi nilimwomba mkwe wangu anipitishe Bondeni. Nyumba haipo. Panachimbwa msingi wa ghorofa. Kijana wa mjengo aliniona nimesimama, akanijia kwa heshima.

"Vibali ziko zote, mathe. Kaunti imepitisha."

"Sikuulizi vibali, mwanangu. Nauliza kama kuna jirani alikuja kuwakataza."

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Hapana, mathe. Hakuna mtu alisema kitu."

Hapo ndipo nililia.