Viatu vya Jumamosi, Viatu vya Jumapili

Sisi tuliozaliwa kwenye vilima vya Ogembo enzi zile hatukuulizana namba ya kiatu. Kiatu kilikuwa cha mwalimu, cha mhubiri na cha bwana harusi. Sisi tulikuwa na miguu, na ilitutosha. Asubuhi tulipita kwenye umande hadi shuleni na kipande cha muwa mkononi, na mvua ikinyesha tope jekundu lilitupanda hadi magotini, likikauka tunakuwa na soksi. Leo mjukuu wangu ana viatu vya kukimbilia, na sijawahi kumwona akikimbia.

Moraa alikuwa mtoto wa jirani, ng'ambo ya kijito tulikoteka maji. Tulikaa juu ya magome ya migomba tukateleza kutoka juu ya shamba hadi chini, tukachana nguo, tukaenda kuchapwa kila mmoja kwao. Tulichuma majani chai na mama zetu na kubeba vikapu hadi kituoni, ambapo lori la kiwanda cha Itumbe lilikuja kuyachukua. Mchana tulikula ndizi za kuchemsha na mboga za chinsaga, chungu hasa, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Kwao walikuwa Wakatoliki, kwetu Wasabato. Hilo ndilo lililotupatia viatu.

Mwaka mmoja bonasi ya majani ilipotoka, yale malipo ya ziada ya kiwanda ya kila mwaka, mama yangu na mama yake walikaa jikoni wakazungumza, kisha wakaenda sokoni Ogembo wakarudi na jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi, vyenye mkanda wa kufunga kwa bizimu pembeni. Jumamosi vilikuwa vyangu, niende navyo Sabato. Jumapili vilikuwa vya Moraa, aende navyo Misa. Jumapili alfajiri nilivipangusa na kuvipeleka kijitoni, na Moraa alikuwa ng'ambo ameshanawa miguu, ananingoja. Ijumaa kabla jua halijazama alinirudishia palepale. Mimi vilinibana vidole, yeye vilimpwaya akavijaza majani makavu ya mgomba. Mama alitoa sharti moja tu: "Siku mtakayogombana, naviweka motoni."

Kugombana tuligombana, tena sana. Tuligombania blada, ile kamba ya mpira ya kuruka, tukagombania nani alimwambia mwalimu kwamba mwenzake alikula chaki. Lakini Jumapili haikutungoja tupatane. Nilikuwa nikienda kijitoni nimenuna, ninampa viatu bila kumtazama, naye anavipokea ametazama kando. Halafu, akifunga bizimu, ananiuliza kama jana mhubiri wetu aliomba hadi watoto wakalala tena. Na mimi nacheka. Ikawa imekwisha. Watu husema urafiki hukaa moyoni. Wetu ulikaa viatuni, na sioni aibu kusema hivyo.

Utotoni tulipigwa picha moja tu pamoja, nayo ilipigwa siku ya soko. Mpiga picha alikuja na kamera ya miguu mitatu na pazia lililochorwa maua ambayo huku kwetu hayajawahi kuota. Siku hiyo haikuwa Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo viatu havikuwa vya mtu. Tulivitaka sote. Mpiga picha aliangalia mawingu, akasema mvua haitatungoja tuelewane. Moraa ndiye aliyekata shauri: mimi nivae cha kulia, yeye avae cha kushoto. Mpiga picha akatuambia tuweke mbele mguu wenye kiatu na tufiche nyuma ule mtupu. Ndiyo maana pichani tumesimama kama askari wanaotaka kwenda njia tofauti, tumeshikana mikono ili tusianguke, hakuna anayecheka. Siku hizi vijana hujipiga picha wakila chipsi, meno yote nje. Sisi picha ilikuwa kazi, na tuliifanya kwa uso wa kazi.

Mama yake Moraa alilipa kwa mkungu wa ndizi, nao ulitosha picha moja tu. Tukaamua iwe kama viatu, ikae kwa zamu. Viatu vilipotuishia, mimi nikachukua cha kulia na yeye cha kushoto, kama tulivyovaa siku ile. Changu nimekiwekea sindano na nyuzi miaka yote hii, kinakaa dirishani. Chake anahifadhia mbegu za chinsaga na za maboga. Wageni huuliza kiatu kimoja cha mtoto kinafanya nini pale, nami huwaambia kinahifadhi sindano.

Tuliolewa, yeye Mosocho, mimi huku Nyamira. Zamu ya picha haikufa. Kila baada ya bonasi, asiye na picha alimwendea mwenye picha kuichukua. Akifika anapikiwa, analala, kesho yake anaondoka na picha imefungwa kwenye kitambaa. Tulizika wazazi wetu na tukazaa watoto wetu, na kila mwaka mmoja wetu alifunga safari. Huku Nyamira mimi ni Mama Bosibori, na wengine hawajui hata kama nina jina jingine. Mtu anayeniita Kemunto amebaki mmoja, naye huniita mara moja kwa mwaka, mlangoni.

Mwaka jana Bosibori, binti yangu anayefanya kazi Nairobi, alikuja likizo akaikuta picha kwangu. Aliipiga kwa simu, akaisafisha mikunjo, akaikuza, akatengeneza mbili za ukutani kwenye fremu za kioo. Moja akaitundika sebuleni kwangu, nyingine akaipeleka Mosocho kwa mkono wake. Ile ya simu akatutumia sote wawili. Aliniambia kwa furaha, "Mama, sasa anti Moraa hatahangaika tena kuja. Kila mtu ana yake." Ni mtoto mzuri, na kazi yake ilikuwa nzuri. Nilimshukuru.

Bonasi ikatoka. Ilikuwa zamu ya Moraa kuja. Nilitandika kitanda cha wageni, nikaacha kuku mmoja bila kumuuza. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Alinipigia simu akasema picha ni safi sana, hata tundu la gauni lake linaonekana, na nikamjibu kweli linaonekana. Hakuna aliyetaja safari. Nilitaka kumuuliza atakuja lini, nikaona sina la kumwitia. Mtu huwezi kumwambia mwenzako mwenye goti bovu apande gari mpaka kwako aje kuchukua kitu ambacho tayari kipo ukutani kwake. Jioni nilikaa chini ya ile fremu kubwa nikawatazama wale watoto wawili. Niliumia, nasema wazi. Niliona kwamba urafiki wetu unaweza kuishia hapo, bila ugomvi, bila msiba, kwa sababu ya kitu kizuri tu.

Amekuja mwezi uliopita, Jumapili, ametoka Misa ya kwanza akapitiliza stendi. Nilisikia mtu ananiita Kemunto mlangoni, nikajua. Hakuitazama fremu ukutani. Aliketi, akanyoosha goti, akatoa kwenye kikapu kile kiatu cha kushoto na mbegu zake ndani, akakiweka mezani. Nikamuuliza mbona amechelewa hivi.

"Ningekuja kuchukua nini?" akasema. "Nimefikiria tangu bonasi. Hiyo picha wamekwisha kuiharibu, iko kila mahali. Lete kiatu chako."

Nikakitoa dirishani. Nilitaka kumwaga sindano kwanza, akanishika mkono, akasema kiende kama kilivyo, kwani yeye hakumwaga mbegu. Tukamla yule kuku, akalala, asubuhi akaondoka na kiatu changu kwenye kikapu. Changu sasa ni hiki chake, mpaka zamu nyingine.

Sisi wa enzi zile hatukuwa na upendo zaidi kuliko watoto wetu, sitaki kudanganya mtu. Bosibori ana marafiki wengi kwenye simu, anawasalimu wote kabla ya chai, na hakuna anayemhitaji afunge safari. Sisi tulikuwa na kitu kimoja kwa watu wawili, basi tukalazimika kuonana. Zamani niliuona ule kuwa umaskini, na ulikuwa umaskini kweli. Leo watoto wetu wana vya kutosha, kila mtu na chake, na ninawaona wakikaa peke yao.

Mbegu nimezipanda nyuma ya jiko, zimeanza kutoka. Juzi kifungo cha sweta yangu kilikatika, nikaenda dirishani bila kufikiri, nikakuta kiatu cha kushoto. Bosibori ameniambia kwenye simu kwamba sindano zinauzwa duka la hapo chini, tena rahisi. Najua. Sweta naivaa hivyohivyo, imeachama kifuani. Zangu ziko Mosocho, na Jumapili nazifuata.