Mganga Hajichimbii

Juzi nilikuwa Katoro, kwenye machimbo ya dhahabu, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, na dirisha la kidato cha tatu liko ubavuni kwangu. Ndani, mwalimu kijana mwenye tai alikuwa akifundisha kinaya kwa hadithi fupi ya zamani. Mchimbaji anauza ng'ombe wake wote ampe mganga fedha, aonyeshwe dhahabu ilipo. Mganga anazipokea akiwa ndani ya kibanda kinachovuja.

"Haya, kinaya kiko wapi?"

Mwalimu akajikuna shingo. "Kama anajua dhahabu ilipo, mbona anavujiwa?"

Binti mmoja akasimama, mikono nyuma. "Mwalimu, mganga hajichimbii. Ni mwiko. Akijichimbia, dawa inaisha nguvu."

"Lakini hicho ndicho kinaya!"

"Huo ni utaratibu, mwalimu."

Darasa zima likaitikia "ndiyo" kwa upole, kama watu wanaomfariji mfiwa. Mwalimu akabamiza chaki mezani. "Mtu anawaonyesha wenzake njia ya utajiri, yeye mwenyewe hana kitu, na nyinyi hamshangai?"

Binti akavitazama viatu vya mwalimu vilivyoisha soli, kisha akainamisha macho.

"Tumeshazoea, mwalimu. Kila siku unatuambia elimu ndiyo utajiri. Tukajua na wewe una mwiko wako."

Hakuna aliyecheka. Nami, ninayewafundisha nyinyi kuishi kila wiki kwenye safu hii, nikairudisha miguu yangu chini ya benchi, taratibu, viatu visionekane.