Siku Nilipokwenda Kuuokoa Mkarafuu wa Bustani

Aibu yangu hii nimeificha miezi minane, lakini kwa kuwa video yake imeshafika Unguja, ikafika Tanga, na juzi nimeambiwa kuna mtu kaiona Maskati, naona heri niihadithie mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wengine, maana wengine hutia chumvi na mimi (wanijuao wataanza kucheka hapa) si mtu wa kutia chumvi.

Chanzo ni uvumi. Marehemu mjomba wangu Faki alituambia sisi watoto wa nyumbani kwake kwamba mkarafuu ukiachwa na karafuu zake mpaka zikachanua maua, basi mti ule hushikwa na kihoro, hunyong'onyea, na siku ya arubaini hufa umesimama, na ukishakufa huo mikarafuu ya jirani nayo hupata habari, ikaanza kufa mmoja mmoja mpaka mwisho wa shamba. Mimi niliamini kama nilivyoamini kwamba jua linatoka Vitongoji. Kila msimu nilikuwa nakwea mpaka kwenye vijiti vya juu kabisa ambavyo hata shomoro hufikiri mara mbili kabla ya kutua, nisije nikaacha kishada kimoja kikaua mashamba ya Pemba nzima. Nikakua na imani yangu, nikaenda nayo Mkoani nilikopata kazi ya kupima mizigo bandarini, nikaingia nayo masomo ya jioni, nikakaa nayo darasani miaka minne, nikafaulu kidato cha nne na C ya biolojia, na katika mtihani huo (sikilizeni hili) niliandika ukurasa mzima juu ya ua, chavua na mbegu, na kichwani mwangu karafuu ikabaki karafuu, haijuani kabisa na lile ua la kwenye mtihani.

Sasa, mwaka jana nikaposa. Msichana anaitwa Raya, mwalimu wa skuli ya maandalizi, kwao Vitongoji. Wazee wangu walipeleka barua, ikapokelewa kwa chai na mkate wa kumimina, kisha ikakaa. Ikakaa wiki, ikakaa mwezi, mimi huku Mkoani nimekonda mpaka mizani ya bandarini inanionea huruma. Siku moja Raya akanipigia simu, nikazungumza nusu saa kabla hajapata nafasi.

"Baba hana neno," akasema. "Ila Baba hana neno na mtu yeyote, hata mwizi wa kuku. Mama ndiye kasema wewe una maneno mengi kuliko akili."

"Mimi?"

"Kombo, tangu umepokea simu hii nimesema nini mimi?"

Nikaona dawa ni moja, nionane na wazee wenyewe, waione elimu yangu kwa macho. Nikawaalika kutembea kwenye ile bustani ya mimea iliyofunguliwa huko kaskazini, njia ya kwendea Makangale, pahala pazuri, pana heshima, unaingia na wakwe zako mchana kweupe na hakuna wa kusema neno. Raya akakubali kuwashawishi, ila akanipa sharti. "Nakuomba maneno ishirini tu siku nzima. Salamu zisihesabiwe."

Nikakodi gari, nikavaa kanzu yangu ya Idi iliyopigwa pasi mpaka ikawa inasimama peke yake, na ndani yake, kwa sababu ya joto na kwa sababu nilijua hakuna kiumbe atakayeiona, nikavaa kaptula ya timu yetu ya bandarini, nyekundu, ina namba tisa nyuma. Nikawapitia Vitongoji, baba yake Raya, Mzee Hamad, mtu mrefu mkimya, akakaa mbele na dereva, na nyuma nikakaa mimi na mama mtu, Bi Mwanaisha, na katikati yetu kikapu cha sambusa mithili ya mpaka wa nchi mbili.

Getini tukapokewa na mama mmoja wa bara, amevaa viatu vya mpira na filimbi shingoni, akajitambulisha kwa jina la Mama Neema.

"Karibuni sana wazazi wangu. Mimi ndiye mtembezaji wa wageni hapa. Niwazungushe?"

Hapo ndipo nilipoharibu, ingawa nilijiona natengeneza. Nikasema, "Ahsante dada, pumzika tu. Leo bustani imepata wenyewe."

"Mwache atuzungushe, Kombo," akasema Bi Mwanaisha. "Si ndiyo kazi yake?"

"Mama, mtu wa bara atufundishe viungo sisi Wapemba?"

(Haya yakawa maneno manane, pamoja na yale ya kwanza nimeshakula zaidi ya nusu ya posho, na bado hatujavuka geti.)

Na kwa kweli bustani yenyewe ilikuwa pepo ndogo. Njia zimefagiliwa, kivuli mpaka unasahau jua liko wapi, milangilangi imening'iniza maua yake na harufu inakupokea kama bibi harusi wa siku ya tatu, vanila imepanda miti yake taratibu, kuna kidimbwi chenye mayungiyungi na viti vya mbao pembeni. Bi Mwanaisha akaanza kulegeza uso. Angekuwa na mtembezaji mwingine angefurahi moja kwa moja, lakini alikuwa na mimi. Nikamwonyesha mti wa shina jembamba wenye pete pete, nikasema huo mnazi wa mapambo, umeletwa kutoka Brazili kwa meli, mimi mwenyewe nimepima mizigo kama hiyo. Bi Mwanaisha akainama kwenye kibao, akasoma kwa sauti, polepole:

"Mpapindi. Haupatikani kwengine duniani ila Pemba."

Mzee Hamad akakohoa. Sijui alikuwa na kikohozi. Nikasema vibao hivi huandikwa na watu wa mkataba, wanabandika popote. Tukaendelea, nikaeleza iliki, nikaeleza mdalasini, nikaeleza mpaka mabomba ya kumwagilia, na kila nikimaliza Mzee Hamad anasema "Ahaa" kwa adabu mpaka nikajisemea moyoni, huyu nimeshamteka, sasa bado mama tu. Mara akasimama, akasema, "Nije mara moja, nina neno na watu wa ofisini," akaondoka, tukabaki mimi na Bi Mwanaisha na kikapu chetu.

Tukakata kona, na mbele yetu ukasimama mkarafuu.

Jamani, umechanua! Kutoka matawi ya chini mpaka kileleni, maua ya rangi ya maziwa, nyuzi nyuzi, nyuki wanavuma kama mashine ya kusaga. Na shinani umefungwa utepe mwekundu. Bi Mwanaisha akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Mashaallah! Maisha yangu yote kwenye karafuu, sijaona mti ulioachwa ukachanua wote hivi."

"Mama, usifurahi," nikamwambia. "Huu unakufa."

"Unakufa?"

"Una kihoro. Siku arubaini hauna. Na ule utepe huuoni? Umeshahukumiwa, watakuja kuukata. Watu wa bara wamesimamia, wanajua nini? Bado kuna vishada vingine havijafumbuka, tukivitoa sasa hivi pengine utapona."

"Basi kamwite yule mwanamke wa getini."

"Hakuna wakati, Mama."

Nataka mnielewe. Mbele yangu kulikuwa na mkarafuu mgonjwa, nyuma yangu mama mkwe anayenitilia shaka, na mimi ndani ya kanzu najiona kama daktari aliyepigiwa simu ya dharura. Nikavua viatu, nikakunja kanzu kiunoni, nikakwea. Na kukwea nakwea, hilo siongezi! Nikawa juu kabla Bi Mwanaisha hajamaliza kusema "Kombo, shuka." Nikaanza kuchuma kwa mikono miwili, vilivyofumbuka na visivyofumbuka, vishada vinaingia kwenye kofia, kofia ikajaa, nikatia kwenye mifuko, mifuko ikajaa, nikaanza kuangusha chini na kumwambia Bi Mwanaisha atandike mtandio wa akiba, na yeye anasema "Mimi simo, mimi simo," lakini anatazama njiani kama mtu aliyemo.

Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba tawi la mkarafuu si la kuliamini. Mimi nililiamini. Likasema kwacha! Nikashuka nalo kama dhiraa nne hivi, kisha nikasita hewani, kwa sababu kanzu yangu ya Idi ilikuwa imenasa kwenye kigutu cha tawi jingine, ikabaki juu, na mimi nikabaki chini yake, imenipanda mpaka kwapani na kunifunika uso, miguu inaogelea, na hapo duniani pote kuna kaptula nyekundu namba tisa, na chini yake amesimama mama mkwe.

Wenye mila watanielewa. Mimi mbele ya Bi Mwanaisha nilikuwa hata sambusa siitafuni, naishika tu. Nilisikia akisema "Lahaula!" kisha nikasikia kitambaa kinavutwa, na baadaye nikaambiwa kajifunika uso mzima kwa mtandio, kageuka akatazama mdalasini.

Na kama hiyo haitoshi, njia ile ile wakatokea akina mama wa kikundi kimoja kutoka Wete, kama ishirini (sawa, walikuwa kumi na wawili), wamevaa kanga za sare, wamekuja kupunga upepo na simu zao mkononi.

"Yakhe, njooni muone! Bustani hii ina na popo!"

"Popo gani ana namba mgongoni?"

"Namba tisa! Funga goli basi, baba!"

"Mwacheni, naye keshachanua huyo!"

Nikawaambia, ndani ya kanzu, kwamba nauokoa mti. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hapo nikasikia filimbi, na viatu vya mpira vinakimbia, kisha sauti ya Mama Neema, si ya kukaripia, afadhali ingekuwa ya kukaripia.

"Kaka. Umefanya nini?"

Wakaleta ngazi, wakanitoa. Nilipofunuliwa uso, wa kwanza niliyemwona ni Mzee Hamad, amesimama nyuma ya Mama Neema na karatasi mkononi, ananitazama. Mama Neema alikuwa amepiga magoti, anaokota vile vishada nilivyovimwaga, kimoja kimoja, anaviweka kwenye aproni yake ingawa havikuwa na kazi tena.

"Nimeulinda mti huu miezi sita," akasema. "Nimeufukuzia watoto, nimeufukuzia ndege."

Na mimi, kwa akili zangu za C, nikadhani analilia karafuu zake. Nikamtolea kofia iliyojaa. "Dada usihofu, sijaiba. Hizi nitakuanikia mwenyewe, baada ya siku nne jua likiwa zuri nakuletea zimekauka, mpaka vijiti vyake vya makonyo nitakuchambulia."

Akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Akanyanyuka na aproni yake, akaenda zake, na akina mama wa Wete, waliokuwa wakicheka muda wote, wakashusha simu zao, na hilo liliniingia kuliko kicheko.

Kurudi, nilikaa mbele na dereva. Bi Mwanaisha na mumewe wakakaa nyuma, na sambusa zote zimerudi kama zilivyokuja. Kutoka Makangale mpaka Chake sikusema neno, na naapa njia ile ilikuwa ndefu kuliko ya kwendea Maka. Tulipofika Vitongoji Bi Mwanaisha akashuka, akasema "Haya" kwa dereva, si kwangu, akaingia ndani. Mimi nikasimama na kanzu yangu iliyochanika mpaka kiunoni, nimeishika nyuma kwa mkono mmoja, nikamwomba radhi Mzee Hamad. Na tangu siku ile nimejiwekea nadhiri, nikiingia bustani ya watu natembea nyuma ya mtembezaji wao, mikono mfukoni, mdomo umefungwa, hata akiniambia mwembe ni mchungwa.

Mzee Hamad hakuingia ndani. Alikaa barazani, akanionyesha nikae, nikakaa kwa upande mmoja kwa ajili ya kanzu.

"Mzee," nikasema, "ule mti ulikuwa unakufa. Mjomba wangu Faki alituambia..."

"Mjomba wako alitaka mchume mpaka juu," akasema, kwa sauti ile ile ya "Ahaa". "Karafuu ni ua, Kombo. Ua ambalo halijafumbuka. Tukilichuma na kulianika, tumepata karafuu, tumekosa mbegu. Ndiyo maana huchaguliwa mti mmoja mzuri, hufungwa utepe, ukaachwa uchanue, uzae, yale matunda yake yapandwe. Mti haufi kwa kuchanua."

Akaikunjua ile karatasi aliyotoka nayo ofisini, akaiweka baina yetu. Ilikuwa na jina lake, na chini yake: miche kumi na miwili.

"Hii nilimwekea Raya, nimpe siku ya harusi yake. Ilikuwa itoke kwenye mti ule. Sasa wewe na yeye mtangoja mpaka uchanue tena."