Wimbi la Matabishi

Leo asubuhi nimeosha ubao wa biashara yangu, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ikapanda, na miguu ikaanza kutafuta maji.

Pale Baraka, mji wa utoto wangu kando ya ziwa, mawimbi ya kupanda kwa ubao yalikuwa mahali mto unapoingia ziwani. Yalikubeba mbali kabla ya kukutupa mchangani. Alasiri moja, watu wametoka kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, nilikuwa nimelalia majini ubao ambao mama alipangia samaki wake sokoni. Akaja kuudai.

"Leta ubao yangu. Soko inaanza."

"Mama, mawimbi tano tu."

"Moja."

"Tatu! Upepo iko muzuri."

"Mbili, na usinililie."

Nikapanda mawili, nikarudi mbio kwake.

"Na matabishi, mama?"

Maana hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwake bila samaki mdogo wa nyongeza.

Akatazama njia ya sokoni, akatazama ziwa, akaninyang'anya ubao.

"Matabishi ni ya mwenye ubao," akasema, akaulalia majini, kitenge chake, kile kikwembe cha sokoni, kikiwa bado kiunoni.

Nikahesabu mawimbi yake, kisha nikarudia hesabu, maana mwenye haraka ya soko alikuwa ameshapita yale matano niliyoomba.