Upau wa Jumapili

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya shamba la katani, nje kidogo ya Voi, Fundi Mkuu alinipa tupa na kipande cha chuma, akaniambia nikifanye mraba. Nilikisugua mpaka viganja vikachubuka. Alikipima, akakitupa kwenye vyuma chakavu, akanipa kingine. Ndivyo tulivyofundishwa, vijana wangu, na wala sisemi ilikuwa vibaya.

Nilitumwa kutunza pampu upande wa Ndara, kisha miaka ya sabini nikarudishwa kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya katani zibaki singa tupu. Mlishaji husimama akitandaza majani juu ya mnyororo, na mnyororo ule haukubagua jani na mkono. Mwakio, jirani yangu kambini, alipoteza wake wa kulia pale. Niliyezima mashine ni mimi, na nilikuwa nimechelewa.

Tangu hapo, nikitoka kanisani Jumapili nilijifungia uani. Kwa vyuma vya baiskeli kuukuu na springi niliyonunua Maungu, nikatengeneza upau wa kukaa mbele ya mlishaji. Akivutwa, kifua chake kinausukuma, mnyororo unasimama. Niliufunga kwenye korona nikiwa na furaha ya kitoto. Mwakio, ambaye sasa alikuwa mfagizi, akauegemea. Mnyororo ukasimama.

Meneja alisema unachelewesha kazi, akaamuru ufunguliwe. Injinia wa shamba la jirani alikuwa amesikia habari zake na kuutaka, basi nikaomba ruhusa nimpelekee.

“Nani alikufundisha kushika tupa?” Meneja akauliza.

“Nilifundishwa hapa, bwana.”

“Basi unachotengeneza ni cha shamba.”

“Hata cha Jumapili, bwana?”

“Jumapili mikono unaiacha wapi?”

Upau ukafungiwa stoo. Nikaonywa kwamba nikitengeneza mwingine, kazi sina, nyumba sina. Nilikuwa na watoto shuleni, nikarudi kwenye korona.

Baadaye Mghoi, binti wa dada yangu, akaajiriwa kulisha korona ya shamba lile la jirani. Nilimsihi asiende.

“Mjomba, sasa tutakula nini?” akasema.

Hakumaliza msimu. Mkono wake ulikatwa juu ya kiwiko.

Nilipostaafu niliuomba ule upau, ukiwa umeshika kutu. Nikaambiwa ni mali ya shamba. Mnaniuliza kazi ilinifunza nini. Jumapili Mghoi huja kula kwangu, nami humkatia nyama. Habari za upau anazijua, ila hajawahi kuniuliza ulikuwa wa nani.