Jino la Juu la Mize

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, miaka michache kabla ya Mapinduzi, mimi ndiye niliyetoa habari iliyomuua mdogo wangu. Nilitoka mbio hadi barazani nikipiga kelele: "Bibi! Mize kaota jino!"

Bibi, mama yake baba, alikuwa akichambua karafuu pale kwetu Shumba. Mikono yake ikasita. "La juu au la chini?"

"La juu."

Mtoto anayeanza kuota meno ya juu sisi tulimwita kigego, nuksi ya kumaliza ukoo. Dawa yake ilikuwa moja: aachwe njia panda asubuhi, aokotwe na mtu asiye wa ukoo, arudishwe kama mtoto wa kupewa. Nani aliyehakikisha kwamba inafaa? Hakuna. Ndivyo walivyofanya wazee, basi.

"Mama, masika haya," mama alimwambia Bibi. "Na mtoto akohoa."

"Wataka tufe sote kwa kikohozi cha mmoja?"

Baba alichukua jembe akaenda kondeni. Sijamsamehe mpaka leo.

Mize akalazwa juu ya ungo njia panda, kafunikwa kanga. Mimi na mama tukajificha nyuma ya ua wa makuti. Na sasa tazama upumbavu wenyewe: kijiji kizima kilijua kwamba pale pana kigego, kila mtu akamwogopa, kila mtu akapita njia nyingine. Dawa ilitaka mpita njia, na hiyo hiyo ikawafukuza wapita njia! Adhuhuri ikaadhiniwa. Mvua ikashuka. Mize alilia mpaka sauti ikamkauka, na maziwa yakamlowesha mama kifua. Nilipotaka kukimbia nikamchukue, mama alinikamata mkono hadi kucha zikaniingia.

"Wewe wa ukoo," alisema huku analia. "Ukimgusa, itabidi aachwe tena kesho."

Aliyemwokota ni mchuuzi wa samaki kutoka Fundo, mgeni asiyejua lolote. Alikuja naye kifuani, anafoka: "Mtoto wa nani huyu? Hamna imani nyie?"

Siku ya nne tulimzika. Bibi alikaa matangani akisema, "Si n'liwambieni? Kaja na mkosi huyu." Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyetaja mvua.

Kwa miaka mingi nilidhani ninamchukia Bibi. Lakini Bibi aliamini. Mama hakuamini, na bado alinishika mkono. Hilo ndilo linalonichoma.

Binti yangu wa kwanza naye alianza kwa jino la juu. Mama, mvi zimeshamwingia, alimfunika mdomo kwa ncha ya kanga, akaninong'oneza, "Usimwambie mtu, mwanangu."

Nilimpokonya mtoto, nikaenda naye hadi njia panda ile ile, watu wakitoka msikitini, nikapiga kelele kama nilivyopiga siku ile: "Njooni mtazame! Mwanangu kaota jino!"

Wala sikumweka chini.